Waifai ikipotea baada ya kusasisha kerneli

Juzi hapa kibandani kwangu Sinza nilisasisha Ubuntu (mfumo wa Linux) pamoja na kerneli, yaani kiini chake, kwenye laptopu ya mteja, nikaizima na kuiwasha: waifai hakuna, hata ya jirani haionekani. Mteja akaanza kuulizia bei ya kadi ya waifai Kariakoo. Nikamwambia, subiri kaka.

Iwashe tena huku ukigusa Esc mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, itokee, uchague kerneli ya zamani. Ubuntu huwa inaibakiza ile iliyotangulia. Waifai ikirudi, kadi ni nzima, kinachosumbua ni draiva, programu inayoiendesha kadi. Yetu ilirudi.

Sasa ingia kwenye kerneli mpya, ufungue terminal, uandike lspci -k, uone kadi na draiva zake. Chini ya kadi pasipokuwa na mstari wa "Kernel driver in use", draiva haijapakiwa. Andika pia dkms status; dkms ndiyo inayojenga draiva kwa kila kerneli. Ile yetu, Broadcom, ilikuwa imejengwa kwa kerneli ya zamani tu, kwa sababu faili za heda za mpya, zinazohitajika kujengea draiva, hazikuwepo. Chomeka simu kwa waya wa USB, igawe intaneti, kisha:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall

Washa upya. Dkms ikigoma kujenga, usishindane nayo. Endelea na kerneli ya zamani hadi draiva mpya itoke.