Fereti Akishikwa na Mafua: Kwa Watu wa Tanga Mlioko Ughaibuni

Ukimtumia mama wa Ngamiani picha ya fereti wako, atakujibu kwa sauti kwamba umefuga nguchiro. Si nguchiro. Ni mnyama mdogo wa kufugwa, wa ukoo mmoja na kicheche, na pua na mapafu yake hushikwa na homa ya mafua ya binadamu (influenza) vilevile kama yetu. Mwaka 1933 watafiti wa London walikipata kirusi cha influenza ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti maji yaliyosukutuliwa kooni na wagonjwa. Mwaka 1936 fereti aliyekuwa akiumwa alimpigia chafya usoni mtafiti mmoja, naye akalala kitandani. Ugonjwa huu una njia mbili: wewe humwambukiza yeye, na yeye hukuambukiza wewe.

Kwa hiyo akianza chafya, jiulize kwanza nani nyumbani aliumwa siku 1 hadi 3 zilizopita. Mafua madogo ya kawaida siyo yanayompata. Kinachompata ni influenza yenyewe, ile yenye homa na maungo kuuma. Lakini ukiwa na kamasi, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Vaa barakoa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, usimbusu, na kazi ya kumlisha mwachie aliye mzima. Chanjo ya influenza mnayochoma kila mwaka kabla ya majira ya baridi humkinga na yeye, kwa sababu inapunguza wa kumwambukiza.

Chafya moja moja akinusa vumbi si ugonjwa. Mafua huja na kamasi nyepesi kama maji, macho yanayolengalenga, joto la mwili kupanda, kulala kupita kawaida na kukisusa chakula. Joto la fereti mzima ni kati ya nyuzi 37.8 na 40, kwa hiyo usiogope ukimshika na kuona ana moto kuliko wewe. Kulipima kwake ni kwa njia ya haja kubwa, na anajinyonganyonga mno. Kazi hiyo mwachie daktari. Wewe shika mizani ya jikoni. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Aliyekuwa na gramu 1,000 akifika 900, hapo hakuna kusubiri tena.

Mafua haya si ya waja leo waondoka leo. Huchukua siku 5 hadi 14, na mengi huisha bila dawa, mradi maji, chakula na hewa vitunzwe.

Tuanze na hewa, maana hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapokosea zaidi, tena kwa nia njema. Nyumba yetu haikosi chetezo. Alhamisi jioni ubani unafuka, wageni wakija udi unawekwa. Njia ya hewa ya fereti ni nyembamba, na ikishavimba kwa mafua, moshi wowote huizidisha. Zima chetezo mpaka apone, pamoja na manukato yale ya kuchomeka kwenye umeme. Nyungu nayo hapana: mvuke wa mkaratusi unaomfungua mtu kifua, kwake ni sumu, na mafuta ya kuchua yenye menthol au kafuri ni vivyo hivyo. Usimpake hata kidogo, maana atayalamba.

Mvuke wa maji matupu ndio unaomfaa. Fungua bomba la maji ya moto bafuni, funga mlango mpaka kioo kiingie ukungu, kisha kaa naye humo ndani ya kikapu chake cha kubebea, mbali na maji, dakika 10. Fanya hivyo mara 2 au 3 kwa siku. Ukitoka, chukua pamba iliyolowa maji ya vuguvugu, ibandike juu ya kamasi iliyokauka, uihesabie mpaka 20, ndipo uifute kuelekea nje. Ukiibandua ikiwa kavu, ngozi ya pua huchubuka naye hatakuruhusu tena. Akianza kuhema, mtoe bafuni mara moja.

Na usimpashe joto la Tanga. Mtu akiumwa ughaibuni, jambo la kwanza ni kupandisha hita mpaka chumba kiwe kama Tanga wakati wa kaskazi. Fereti hawezi kutoka jasho kama sisi. Nyuzi 27 tayari zinamchosha, na zikipita 30 anaweza kufa kwa joto. Mwekee nyuzi 18 hadi 22, blanketi la kujificha, na kizimba kisipigwe na upepo wa dirishani. Randa za msonobari zitoe zote. Tandika pumba za karatasi zisizo na vumbi.

Chakula: tumbo lake hupitisha mlo kwa saa 3 au 4 tu, kwa hiyo kukaa na njaa kunamdhoofisha upesi. Pua ikiziba hasikii harufu, na asichosikia harufu hali. Pasha chakula kiwe vuguvugu, harufu ipande. Akikataa punje zake kavu, zilainishe kwa maji ya moto, au mpe chakula laini cha kopo cha paka wagonjwa. Kuku wa kuchemsha aliyesagwa na maji yake anafaa pia, ila asiwe na kitunguu, kitunguu saumu, chumvi, tangawizi wala tui. Supu inayomwinua mgonjwa nyumbani ina vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Akigoma kabisa, tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Mkalishe wima, usimlaze chali. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino la chonge, msukumie nusu mililita, ungoje ameze. Jumla mililita 5 hadi 10 kila baada ya saa 4. Ukimimina kwa pupa chakula huingia mapafuni, na mafua yanageuka nimonia. Maji anahitaji mililita 75 hadi 100 kwa kilo kwa siku, pamoja na yale ya chakulani. Ivute ngozi ya mgongoni kati ya mabega: ikichelewa kurudi, au fizi zikiwa zinanatanata, amekauka. Huyo anahitaji maji ya daktari.

Fereti wa zaidi ya miaka 3 hupata sana uvimbe wa kongosho unaoshusha sukari, na kutokula huko hufichua. Akikodoa macho, akidondosha mate, akikwangua mdomo au miguu ya nyuma ikilegea, mpake asali kidogo kwenye fizi, umpe nyama baada ya kuzinduka, mwende hospitali. Asali ni ya wakati huo tu. Ukimpa kila siku kama dawa ya kifua, sukari itazidi kumyumbisha.

Dawa za begini ziacheni begini. Ibuprofeni kidonge kimoja cha miligramu 200 chatosha kumtia hatarini. Parasetamoli ini lake huivunja polepole mno. Dawa za kufungua pua ni sumu. Ile amoksilini iliyobaki toka duka la dawa la nyumbani haiui kirusi. Akihitaji antibayotiki, daktari atapima dozi kwa uzito wake.

Kuna ugonjwa mmoja unaoanza kama mafua, nao karibu haumwachi fereti hai: distempa ya mbwa. Mtazame kidevu. Vipele vyekundu au magamba kidevuni na midomoni, tongotongo nzito zinazogandisha macho, nyayo zinazokuwa ngumu: mpigie daktari kabla ya kwenda, asije akakaa chumba kimoja na wengine. Kinga yake ni chanjo, na muulize daktari ratiba yake akiwa bado mzima.

Nenda siku hiyohiyo pia kamasi ikiwa ya kijani au njano, akihema kwa mdomo, fizi zikipauka au kuwa za buluu, asipokula kwa saa 12, au siku 10 zikipita bila nafuu. Wachanga na wazee wasisubiri hata hivyo. Mzee anayekohoa bila kamasi huenda ni moyo. Tafuta daktari anayewajua fereti mapema, maana wengi huona mbwa na paka tu.

Akipona, fua machela na mablanketi yake kwa maji ya moto, osha vyombo, na kama una wengine, wape siku 14 wakiwa mbali naye.