Unajenga Bukavu ukiwa Ulaya? Usikubali boila izibwe

Mdogo wangu alinipigia kwa video kutoka Nguba, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo: "Yaya, boila ilianza kuvuja, lakini fundi ameshaiziba." Akasogeza simu. Kwenye kibomba kidogo cha valvu ya usalama, chini ya boila, yaani tangi la umeme la kuchemshia maji, kulikuwa na kizibo kilichozungushiwa tepu nyeupe. Nilimwambia akazime umeme kwanza, salamu baadaye.

Maji yakipata moto hutanuka. Boila ya lita 100, maji yakitoka nyuzi 20 hadi 65, yanaongezeka karibu lita mbili, na tangi la chuma halitanuki kiasi hicho. Valvu hiyo huzuia maji yasirudi kwenye bomba la mtaa, kwa hiyo presha hupanda ndani. Ikifika bari 7 (bari ni kipimo cha presha), valvu inafunguka na kutoa matone. Matone wakati boila inachemsha ndiyo kazi yake. Yakitoka hata boila ikiwa imepoa, hapo kuna shida: valvu ina uchafu, au presha ya mtaa ni kubwa na unahitaji kipunguza presha kwenye bomba la kuingilia.

Kuziba ni hatari kweli. Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndani ya tangi lililofungwa maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, kama termostati, kifaa cha kudhibiti joto, imekwama. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na ukuta unaweza kuondoka nayo.

Basi kabla ya kumlipa fundi, omba video ya kibomba hicho. Kielekee chini, mdomo wazi, kikitiririkia kwenye faneli au ndoo. Kati ya valvu na boila pasiwe na robine (koki) yoyote. Ukituma boila kutoka huku, weka valvu kwenye boksi lilelile. Ikikosekana, fundi ataweka robine ya kawaida, na siku maji yakikatika tangi linaweza kurudisha maji bombani. Umeme ukirudi, rezistansi, chuma kinachochemsha maji, inaungua ikiwa kavu.

Mwenye kuchukia matone aongeze tangi dogo lenye utando wa mpira, kati ya valvu na boila, lijazwe hewa kama gurudumu la gari kwa presha ya maji ya nyumba. Valvu ibaki palepale.

Mdogo wangu huzungusha kitufe cha valvu mara moja kwa mwezi ili chokaa isiigandishe. Ndoo yake ikijaa, anafulia.