Jinsi ya Kupima Uwezo wa Mwombaji Kazi wa Kutatua Matatizo

Tunga mtihani wako kutokana na tatizo ambalo limewahi kuikabili biashara yako, kwa sababu mafumbo yanayonakiliwa kutoka intaneti humfaidi aliyewahi kuyaona, wala hayaonyeshi atakavyofanya akiwa kazini. Tuseme duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu linatafuta msimamizi wa stoo. Mpe kila mwombaji kisa hiki: lori limeleta mifuko 112 ya saruji ilhali hati ya mzigo inasema 120; wateja wawili, mmoja wa Ahero na mwingine wa Bondo, wameshalipia mifuko 60 kila mmoja; dereva anataka sahihi aondoke; na simu ya meneja imezimwa. Muulize angeanza na lipi, angetaka kujua nini zaidi, na kwa nini. Nusu saa yatosha.

Andika mwongozo wa alama kabla ya kusoma karatasi hata moja, la sivyo utajikuta ukimtuza anayeandika kwa madaha. Je, aliihesabu mifuko upya dereva akiwapo? Aliandika upungufu kwenye hati kabla ya kutia sahihi? Alitenganisha anachokijua na anachokikisia? Anayewagawia wateja 56 kwa 56 na anayemtimizia wa Ahero zote 60 wanaweza kupata alama sawa, mradi kila mmoja ametoa sababu inayosimama na amekumbuka kumwarifu mteja atakayepungukiwa. Karatasi zisahihishwe na watu wawili, zikiwa na namba badala ya majina, kwa maana kwetu jina hutangaza kabila.

Kama kazi yenyewe hufanywa kwa Kiswahili, mtihani nao uwe wa Kiswahili. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinakataza kumbagua anayetafuta kazi, na lugha imetajwa humo pamoja na asili ya kikabila na ulemavu. Waeleze pia waombaji matokeo yatatumiwaje, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na yatahifadhiwa kwa muda gani.

Wape kwanza mtihani huo wafanyakazi ulio nao. Msimamizi wako hodari akishindwa, kasoro i katika swali. Hatimaye, siku ya mahojiano, mrudishie mwombaji karatasi yake, ubadilishe jambo moja, kwa mfano kwamba mteja wa Bondo amekubali kungoja hadi kesho, kisha umsikilize anavyoupanga upya uamuzi wake.