Kurithi bunduki ya mzazi kutoka Texas na kuileta California kwa njia halali

Baba mkwe wangu alifariki Texas bila kuacha wosia. Watoto wake ni wawili: mke wangu, ambaye ninaishi naye California, na shemeji yangu, ambaye hajawahi kuhama San Antonio. Miongoni mwa vitu vya marehemu zilikuwamo silaha tatu, yaani shotigani ya mitutu miwili aliyoachiwa na baba yake, bunduki ya kuwindia kulungu, na bastola ya risasi sita. Mke wangu alikuwa na msiba wa kuukabili, kwa hiyo makaratasi nikayabeba mimi. Ninaandika utaratibu tulioufuata, pamoja na mahali tulipokwama. Hatua zinazohusu sheria ya shirikisho ni zilezile kwa Marekani nzima. Zile za mahakama ya Texas na za usajili wa California zitabadilika iwapo majimbo yako ni mengine.

Hatua ya 1: Hakikisha mrithi anaruhusiwa kumiliki silaha

Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 inakataza makundi kadhaa ya watu kushika bunduki, hata kama wameirithi kihalali. Wanaojulikana zaidi ni waliotiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja jela, na waliotiwa hatiani kwa kumpiga mwenza, hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo. Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki kuna kundi jingine ambalo wengi hawalijui: aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ile ya mwenye leseni ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Ikiwa mrithi ni mtu asiyeruhusiwa, asiiguse kabisa. Silaha iuzwe Texas kupitia muuzaji mwenye leseni, na mrithi apewe fedha.

Hatua ya 2: Zitambue silaha moja baada ya nyingine

Andika mtengenezaji, aina, kipimo cha risasi na namba ya utambulisho iliyochongwa kwenye kila silaha, kisha upige picha. Pima na mtutu: funga bunduki ikiwa tupu, ingiza kijiti mdomoni mpaka kigote mwisho, weka alama, kisha upime kijiti. Shotigani yenye mtutu usiofika inchi 18, au bunduki ya mtutu wenye michirizi ndani usiofika inchi 16, inaangukia sheria nyingine kali ya mwaka 1934, pamoja na bunduki za rashasha na vizuia sauti. Ukikuta kitu cha namna hiyo, simama hapo hapo na umtafute wakili kabla ya kukisogeza popote.

Shotigani yetu haikuwa na namba popote, na nilikesha usiku mzima nikiamini kwamba babu wa mke wangu aliifuta. Kumbe kabla ya sheria ya 1968 watengenezaji hawakulazimika kuweka namba kwenye shotigani, na nyingi za bei nafuu zilitoka kiwandani bila namba. Kilicho kosa ni kumiliki silaha ambayo namba yake imekwanguliwa au kusagwa. Tazama chuma kwa taa kali: palipokwanguliwa huacha bonde au mng'ao tofauti na sehemu nyingine. Sheria ya California inayodai silaha zisizo na namba ziombewe namba mpya inaziacha zilizotengenezwa kabla ya tarehe 16 Desemba 1968, mradi si bastola.

Hatua ya 3: Pata hati ya mahakama

Texas inaruhusu hati ya kiapo ya mirathi ndogo pale ambapo hakuna wosia, siku 30 zimepita tangu kifo, na mali haizidi dola 75,000, bila kuhesabu nyumba ya kuishi na mali nyingine zinazokingwa na sheria. Warithi wote huapa, pamoja na mashahidi wawili wasio na maslahi, kisha hakimu huidhinisha. Zitaje silaha ndani ya hati hiyo kwa maelezo ya Hatua ya 2, wala usiandike tu "vitu vya nyumbani".

Hatua ya 4: Gawaneni kwa maandishi kabla mtu yeyote hajachukua chochote

Hapa ndipo tulipopoteza miezi, na ndipo ninapokuomba usome polepole.

Kwa kawaida, mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha haruhusiwi kumpa silaha mkazi wa jimbo jingine, awe ndugu wa damu au mgeni. Silaha hupelekwa kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la anayepokea, na anayepokea hujazishwa fomu na kukaguliwa. Urithi umeondolewa katika kanuni hiyo: anayepata silaha kwa wosia, au kwa sheria ya mirathi pale ambapo wosia haupo, anaweza kuipokea moja kwa moja na kuivusha mpaka wa jimbo, ikiwa sheria ya jimbo lake inamruhusu kuwa nayo. Lakini msamaha huo unafuata njia iliyopitiwa na mali, haufuati ukoo. Mzazi aliye hai anayetaka kumpa mtoto wake bunduki leo, huku wakiishi majimbo tofauti, anatoa zawadi, na zawadi lazima ipite kwa muuzaji. Vivyo hivyo ndugu aliyekwisha kupokea fungu lake akalimiliki, kisha akaamua kumgawia dada yake.

Sisi tuliingia katika mtego huo wa pili. Hati ya kiapo iliwapa wote wawili nusu kwa nusu ya kila kitu, bila kusema nani anachukua nini. Siku ya kufungua nyumba, shemeji aliichukua bastola kwa kuwa dada yake alisema haitaki, na bunduki mbili ndefu zikabaki kabatini zikimngoja mke wangu. Baada ya miezi mitatu mke wangu alibadili mawazo, na shemeji, kwa moyo mweupe, akasema angeileta mwenyewe kwa gari wakati wa sikukuu. Wakili tuliyemuuliza alituambia kwamba bastola ilikwisha kutoka katika mirathi. Sasa ilikuwa mali ya mkazi wa Texas anayetaka kumpa mkazi wa California. Zaidi ya hayo, unafuu wa kutopitia kwa muuzaji ambao California inautoa kwa familia unahusu mume na mke, mzazi na mtoto, au babu na bibi na wajukuu wao. Kaka na dada hawamo.

Kwa bunduki mbili zilizobaki tuliandika makubaliano ya mgawanyo ya ukurasa mmoja: jina la marehemu, namba ya shauri la mirathi, maelezo ya kila silaha, na tamko kwamba mke wangu anazipokea moja kwa moja kutoka katika mirathi ya baba yake kama sehemu ya fungu lake, wala si kutoka kwa kaka yake. Wote wawili walitia saini mbele ya mthibitishaji wa hati. Ningeshauri karatasi hiyo iandikwe hata kama ndugu wanapendana kama chanda na pete, kwa sababu inaandikwa kwa ajili ya ofisa atakayeuliza miaka kumi ijayo, siyo kwa ajili ya ndugu.

Hatua ya 5: Pata Cheti cha Usalama wa Silaha

California inataka mrithi awe na cheti hiki kabla ya kuishika silaha. Mtihani una maswali 30, unahitaji kupata asilimia 75, ada ni dola 25, na cheti hudumu miaka 5. Mke wangu alifanya kabla ya kusafiri.

Hatua ya 6: Safirisha

Mimi napendelea gari. Ukiamua kupanda ndege, silaha huwekwa tupu ndani ya kasha gumu lililofungwa, hutangazwa kwenye kaunta, na huingia katika mizigo ya chini. Makampuni makubwa ya vifurushi hayapokei silaha kutoka kwa mtu asiye na leseni, kwa hiyo usijaribu kuificha katika boksi la nguo.

Sisi tulifuata barabara kuu namba 10 kupitia New Mexico na Arizona. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda msafiri ikiwa silaha ni halali anakotoka na anakokwenda, haina risasi ndani, na haifikiki kutoka kwenye viti vya abiria. Gari lisilo na buti linahitaji kasha lenye kufuli, na kijisanduku cha mbele ya abiria hakihesabiki. Nunua kasha gumu na kufuli za kawaida za chuma. Mifuko ya kitambaa yenye zipu siipendi hata kwa safari ya dakika kumi. Risasi za marehemu ziacheni Texas. Kuziingiza California kuna masharti yake, na thamani yake haistahili usumbufu. Magazini inayochukua zaidi ya risasi 10 nayo ibaki huko.

Hatua ya 7: Toa taarifa ndani ya siku 30

Fomu ni BOF 4544A ya Idara ya Sheria ya California, ada ni dola 19, na inaweza kujazwa kwenye intaneti. Jaza huko, usitume kwa posta, kwani uthibitisho unaupata papo hapo. Kwa shotigani tulieleza kuwa ilitengenezwa bila namba, na picha tulizopiga tukazihifadhi. Uthibitisho, hati ya kiapo, makubaliano ya mgawanyo na nakala ya cheti cha kifo vyote vimo katika faili moja, mbali na kabati la silaha. Bastola bado iko San Antonio kwa shemeji, na huwa tunaiona tukienda kuwasalimu.