Interferoni na virusi: hesabu seli moja moja

Kipimo cha kawaida cha interferoni, protini ya mwili inayozikinga seli dhidi ya virusi, kinakupa namba moja kwa kishimo kizima cha sahani ya maabara: virusi vimepungua mara kumi, basi. Ni kama kuambiwa mwanga wa mtaa umepungua nusu. Hujui kama kila nyumba taa imefifia, au nusu ya nyumba ziko gizani. Wanafunzi wanaokuja maabara kwangu nawafundisha hivi.

Otesha seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili, kwenye sahani ya vishimo 96. Nazipenda kwa sababu zimepoteza jeni za kutengeneza interferoni ya aina ya kwanza lakini bado zinaiitikia. Iliyomo ni ile uliyoiweka wewe. Zimua interferoni alfa, mojawapo ya aina hiyo, mara kumi kumi: uniti 1,000 kwa mililita, 100, 10, 1, na vishimo visivyowekwa kitu. Iache usiku kucha. Haiui kirusi; inaiamuru seli iunde protini za ulinzi, kama MxA na PKR, na hilo linataka saa kadhaa.

Asubuhi, ndani ya kabati la usalama, weka virusi vya VSV (kirusi cha mifugo) vilivyopachikwa jeni ya protini ya kijani inayong'aa, ili seli iliyoambukizwa iwake. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukiweka kirusi 1 kwa kila seli, kwa bahati tu asilimia 37 ya seli hazitapata hata kimoja, nawe utaisifia interferoni bure. Weka 3, zitakazokosa ni kama asilimia 5. Osha baada ya saa 1. Ikifika saa ya 6, kabla virusi vipya havijawasha seli jirani, tia paraformaldehidi ya asilimia 4 kuzigandisha seli zilivyo, paka viini rangi ya DAPI, piga picha.

Programu ipime ung'avu wa kila seli. Mpaka wa "imeambukizwa" utoke kwenye vishimo visivyo na virusi, si machoni pako. Halafu, tafadhali, usitafute wastani! Angalia seli ngapi zimewaka, kisha, peke yake, zilizowaka zinawaka kiasi gani. Idadi ikishuka huku ung'avu ukibaki vilevile, kirusi kinazimwa mwanzoni kabisa. Ung'avu nao ukishuka, kimeanza kazi lakini kinasuasua. Utakuta seli mbili zimegusana, dozi moja, moja nyeusi tii na nyingine inawaka kweli kweli. Usizifute kama dosari. Hizo ndizo ulizozifuata.

Ila PKR ikihisi RNA ya nyuzi mbili, dalili ya kirusi kujinakili, husimamisha uundaji wa protini, na hiyo ya kijani ni protini pia. Kabla ya kudai kirusi kimeacha kujinakili, tenga vishimo vingine uhesabu RNA yake ndani ya seli hizo.