Somo: Kufufua boti ya zamani ya alumini (soma lote kabla hujauliza)

Kwa kuwa haipiti wiki bila kuulizwa na mtu aliyenunua boti ya alumini iliyochoka kwamba aipake rangi gani, nimeona niandike somo hili mara moja, ili anayefuata nimwelekeze hapa. Linahusu boti ndogo zilizoungwa kwa ribiti (pini za kushikanisha mabati) na kuendeshwa na mashine ya kufunga nyuma, kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kama ya Ziwa Nyasa. Boti za mbao zina mafundi wao Kyela na Matema, nami sitaingilia kazi yao.

Jambo la kushika mwanzoni ni kwamba alumini haitunzwi kama chuma. Haishiki kutu nyekundu, kwa sababu hujikinga yenyewe kwa utando mwembamba unaojijenga mara tu inapoguswa na hewa. Boti nyingi ninazoletewa hazikuharibiwa na ziwa. Ziliharibiwa na mtu aliyedhani anazitengeneza.

Hatua ya 1. Ondoa mashine, viti, sakafu na nyaya zote.

Hatua ya 2. Lipime kwa mkono lile povu gumu lililo chini ya sakafu na viti. Likiwa zito limenyonya maji, nalo litupwe na kuwekwa jingine la aina isiyonyonya. Usiache nafasi hiyo wazi, kwa maana povu ndilo linaloizuia boti isizame ikijaa maji.

Hatua ya 3. Weka boti juu ya magogo yanayobeba mkuku (uti wa chini wa boti) na mataruma (mbavu zake), kisha mimina maji ndani, kina cha kufunika bati la chini tu, kwa kuwa maji ni mazito na yanaweza kuipinda. Ingia chini na makapeni, uzungushie duara kila ribiti inayodondosha.

Hatua ya 4. Ribiti iliyolegea hukazwa na watu wawili: mmoja anashikilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa chake kwa nje, mwingine anagonga ncha ya ndani kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi. Iliyokatika itobolewe na kuwekwa nyingine ya alumini, nene kidogo kuliko ya kwanza, ikiwa imepakwa siilanti (gundi ya kuziba) ya poliyurethani. Ribiti za bunduki zenye tundu katikati zisitumike chini ya mstari wa maji. Wala usimpelekee fundi wa kuchomelea kwa gesi asiyeijua alumini: huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza, hivyo bati hudondoka kabla hajashtuka.

Hatua ya 5. Rangi ya zamani itolewe kwa msasa au kwa dawa ya kutolea rangi inayosema wazi kuwa inafaa kwa alumini. Usitumie kostiki soda ya watengeneza sabuni, kwa sababu inaila alumini yenyewe, wala brashi ya waya wa chuma cha kawaida, kwa kuwa chembe zake hubaki zimejichimbia na kuanzisha madoa ya kutu. Ukimaliza kusugua, futa vumbi na mafuta kwa thina, kisha upake praima siku hiyo hiyo, kabla ule utando haujanenepa. Praima iwe ya epoksi au ya asidi inayotengenezwa kwa ajili ya alumini. Redi oksaidi, ile praima nyekundu ya chuma, ni ya mageti. Rangi za kuzuia majani zenye shaba zisiguse boti hii kabisa. Boti inayovutwa mchangani kila jioni haizihitaji.

Hatua ya 6, na hapa nawaomba mtulie. Ubao wa tezi (nyuma ya boti), ule unaobeba mashine, mara nyingi huwa umeoza, na karibu kila mtu wa huku kwetu hufikiria mbao za paini za Mafinga zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, kwa kuwa zinapatikana kirahisi na haziozi. Ukijani huo ni shaba. Ubao ukilowa, shaba hutoka na kukaa juu ya alumini. Niliwahi kufungua tezi ya boti iliyorekebishwa hivyo: kwa nje rangi ilikuwa inang'aa, lakini nyuma ya ubao alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe, na bisibisi ilipita kana kwamba ni biskuti iliyolowa chai. Bolti zilikuwa bado zimekazwa vizuri, ila hazikuwa zimekaza kitu. Mtu angevuta gesi mbele ya Matema, mashine ingeng'oka na kuzama naye akiitazama. Tumia plaiwudi ya majini au mninga mkavu usiotiwa dawa, uloweshe epoksi pande zote, hasa kingo na ndani ya kila tundu la bolti. Bolti ziwe za stenlesi, zivalishwe washa za nailoni na siilanti.

Hatua ya 7. Kwenye mashine, badilisha impela ya pampu ya maji na oili ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, sili zimekufa. Jaribu boti asubuhi kabla ya upepo kuamka, na kabla ya kubeba abiria ipelekwe TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ikaguliwe.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Uyole: Mkuu, sijasoma yote, nina haraka. Nipake rangi gani?

Jibu: Hatua ya 5.

Binti Mtera: Shikamoo mwalimu. Niko Iringa, boti yetu ipo bwawa la Mtera. Ningependa kuelewa kwa nini shaba inaila alumini ilhali zote ni metali.

Jibu: Marahaba binti yangu, umeuliza vizuri. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji huwa betri, na iliyo dhaifu hujitoa kidogo kidogo kuilinda yenye nguvu. Mbele ya shaba, alumini ndiyo dhaifu. Ndiyo maana hufungwa kipande cha metali dhaifu zaidi ili kiliwe badala ya boti. Madukani utapewa cha zinki, ambacho kinafaa baharini; kwenye maji baridi hujifunika ganda na kulala. Bwawani tafuta cha magnesi, na usikipake rangi.

Mzee wa Itungi: Mimi nimepaka lami ndani na haivuji. Hizi hatua zako ni za kula pesa za watu.

Jibu: Mzee wangu, kwa heshima, lami inaficha ribiti iliyolegea, haiikazi. Siku ukitaka kuitengeneza, siilanti haitashika mpaka lami yote itoke, na gharama hiyo sitaipanga mimi.

Dereva wa Fuso: Nyongeza kwa wanaosafirisha kutoka Mbeya: tandikeni matairi chakavu chini ya boti na mng'oe plagi ya kutolea maji. Mvua ya Tukuyu inaweza kuijaza kabla hamjafika Kyela.

Jibu: Asante ndugu. Hata nyumbani iegesheni hivyo, plagi nje, omo (mbele ya boti) juu kidogo.

Mvuvi wa usipa: Ndaga fijo kwa somo. Nataka kufunga betri na taa za usiku. Je, naweza kutumia mwili wa boti kama eksi, yaani njia ya hasi ya umeme, kama kwenye gari?

Jibu: Hapana, na nashukuru umeuliza kabla ya kufunga. Umeme ukipita kwenye mwili, boti inaweza kutoboka haraka kuliko kwa shaba. Kila taa iwe na nyaya zake mbili hadi kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri, na betri yenyewe iwe ndani ya boksi la plastiki lililofungwa kamba, juu ya ngama (pale chini maji yanapokusanyika). Ukimaliza, pima kwa mita kati ya chanya ya betri na mwili wa boti huku taa zinawaka na mashine imezimwa. Ukiona volti za kuwasha taa, kuna waya unagusa. Zima zote, kisha uwashe moja moja hadi uupate.