Kabla Ardhi Haijatikisika: Mambo ya Kuzingatia Lamu na Malindi

Kwanza tuelewane: hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia siku na saa ya tetemeko la ardhi. Ujumbe unaozunguka kwenye simu ukitangaza tetemeko la "usiku wa leo saa nane" ni uzushi, usiusambaze. Ni kweli, Februari 1975 watu wa Haicheng, China, walihamishwa kabla ya tetemeko kwa sababu mitikisiko midogo ilitangulia. Lakini mwaka uliofuata Tangshan, mji mwingine wa China, uliangamia usiku bila onyo, wakafa watu zaidi ya 240,000. Kule Parkfield, California, wataalamu walilitarajia tetemeko kabla ya 1993 kwisha, likaja 2004. Miamba hubanana kwa miaka mingi chini ya ardhi, na hakuna chombo kinachoonyesha itaachia lini. Hata punda na mbwa wanaohangaika hawajawahi kuwa onyo la kutegemewa.

Wala tusijione tuko mbali na hatari. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la kipimo cha 6.0 lilipiga baharini nje ya pwani ya Tanzania, likasikika hadi Mombasa na Nairobi.

Anza na nyumba. Nyumba za kale za Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko zilizobebeshwa mawe na chokaa tena. Uzito ule ulio juu ya vichwa ndio wa kuogopwa. Zikague boriti pale zinapoingia ukutani, maana ndipo unyevu na mchwa huanzia. Chomeka ncha ya kisu: kikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo imekwisha, mwite fundi. Tangi la maji lisipandishwe juu ya dari kuukuu kabla fundi hajaipima. Lita 1,000 ni kilo 1,000. Na nyufa za ukuta wa chokaa zizibwe kwa chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ndani na ukuta ukazidi kulegea.

Kitazame pia kikuta cha paani. Kikianguka, kitaangukia kichochoroni, na huko ndiko watu hukimbilia. Kwa hiyo ardhi ikitikisika ukiwa ndani, usitoke mbio. Inama, ingia chini ya meza imara, uishike mpaka kutulie. Kabati lifungwe ukutani, kitanda kisikae chini ya rafu yenye vitu vizito, na kila mtu wa nyumbani ajue kuufunga mtungi wa gesi.

Malindi, unayejenga kwa matofali, kabla hujamlipa fundi akuonyeshe nondo na mkanda wa zege unaofunga kuta zote kwa juu.

Tsunami, yaani mawimbi makubwa yanayosukumwa na tetemeko chini ya bahari, ni habari nyingine, na hapa tuna nafasi ya kuonywa mapema. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la Sumatra, la kipimo cha 9.1, lilipiga karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi yalitufikia mchana. Hapa hakuna aliyehisi ardhi ikitikisika. Kenya ilipoteza mtu mmoja, Somalia karibu 300. Wakati ule Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa onyo, sasa upo. Swali lililobaki ni onyo litakufikiaje wewe. Weka redio ya betri, na mkubaliane mapema na msikiti wa mtaa na kamati ya wavuvi nani atatangaza, kwa maneno gani.

Njia ya kupanda juu muijue kwa miguu. Lamu, acheni ukingo wa bahari mpande kuelekea nyuma ya mji. Fanyeni mazoezi usiku, umeme ukiwa umezimwa, pamoja na watoto na bibi wa nyumba. Sisi wa pwani tunajua saa za maji kupwa. Maji yakitoka ghafla wakati si wake, asishuke mtu kuokota samaki. Wala msirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani mengine huendelea kuja kwa saa nyingi, na la baadaye laweza kuwa kubwa zaidi.

Aliye baharini abaki kwenye kina kirefu, ambako wimbi halina nguvu ya kumpindua, mpaka atangaziwe usalama. Nahodha aondoke na redio na maji ya kunywa ya ziada, na walio nyumbani wakubaliane naye mapema kwamba siku hiyo hakuna atakayempigia simu kumhimiza arudi.